Vidonge vya Hamira

Mtaani walimwita Mama Mikate, ingawa hakuwahi kuzaa na mikate yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya mwenye kiwanda, mzee mmoja mwenye gari kuukuu na moyo wa wastani, aliyemwajiri akiwa binti mwembamba na kumwacha anenepe pale pale mbele ya tanuri. Wengine walikanda, wengine walipaka makopo mafuta, wengine walisukuma trei. Yeye kazi yake ilikuwa hamira: maji yawe vuguvugu kiasi gani, ilale muda gani, donge limeumuka kweli au linajivuna bure. Alikuwa akilichoma kwa kidole, anatazama shimo linavyojifunga, kisha anasema "bado" au "haya", na kiwanda kizima kinamsubiri.

Mtu akikaa na kitu kimoja muda mrefu, atakipenda au atakichukia. Yeye aliipenda hamira, na aliipenda kupita kiasi. Mwenzake akilalamika tumbo, alimshauri hamira kidogo kwenye maji. Nywele zinakatika, hamira. Chunusi, hamira. Ni pale tu mpakiaji wa mikate alipolalamika kwamba mkewe amehama nyumba, ndipo Mama Mikate alipokiri kwamba hapo hamira haina la kufanya. Watu walimcheka, naye alicheka nao, lakini moyoni aliamini kabisa kwamba kitu kilichomlisha miaka yote hiyo hakiwezi kumtendea mtu ubaya. Huo ndio uliokuwa upofu wake. Kila mtu ana wake.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, wa kiume, tumbo moja. Huyu alikuwa fundi saa, na hata nyumbani walimwita Fundi. Alikaa ndani ya kibanda cha vioo kisichotosha watu wawili, lenzi jichoni, akifungua matumbo ya saa kwa bisibisi nyembamba kama sindano. Simu zilikuwa zimeua biashara yake nusu, maana siku hizi nani anatazama mkono, lakini alisema saa haijawahi kumkosea mtu, ni watu wanaoikosea saa. Ukimwambia utafika saa nne, saa nne kasorobo alikuwa ameshaanza kutazama mlango.

Mama yao aliwalea peke yake katika chumba kimoja, na ili wanawe wasitoane macho kwa ajili ya chakula aliweka sheria: mmoja anakata, mwingine anachagua. Mkate, yai, kipande cha sabuni, hata shuka lililochanika. Kila kilichoingia mle ndani kilipitia sheria hiyo. Mwenye kukata alikuwa mwadilifu kuliko hakimu, kwa sababu alijua kipande kikubwa hakitakuwa chake. Mama alipofariki, sheria haikuzikwa naye. Wakiwa watu wazima, mmoja na nywele za mvi, mwingine na kitambi, bado walikuwa wakigawana. Dada akinunua mchele, nusu ilikwenda kwa mdogo wake. Fundi akiletewa kuku na mteja, mkewe hakuthubutu kumpika mzima. Mwanzoni huyu mke alinuna, baadaye akazoea, maana ukiolewa unaolewa na ukoo.

Kisha figo za Fundi zikafa. Ilikuwa shinikizo la damu, ambalo alilipuuza kwa sababu halikumuuma. Akawa mtu wa kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, mara tatu kila wiki, na anaporudi hana nguvu ya kushika hata kibano. Madaktari walipima ndugu na jamaa, na aliyelingana naye alikuwa dada yake.

"Zipo mbili," alimwambia. "Kwa hiyo hakuna mjadala."

"Dada, hiki si kipande cha sabuni."

"Najua. Ingekuwa sabuni ningekuuliza kwanza."

Fundi alilia siku ile, na mkewe akalia, na Mama Mikate akawauliza kama wanamlilia yeye au figo. Kutoa ni moyo, wala si utajiri, na yeye alitoa huku akiwatania wauguzi wampimie vizuri wasije wakachukua ini. Figo ilikubali. Baada ya majuma kadhaa Fundi alirudi kibandani, uso umejaa, na dada yake alipompitia na kumwona ameinama juu ya saa ya mtu, alisimama upande wa pili wa barabara akamtazama mpaka muuza magazeti akamuuliza kama amepotea.

Kuna jambo moja hakulijua. Wakati wauguzi wanamfundisha Fundi na mkewe namna ya kuishi na figo ya kupandikizwa, yeye alikuwa wodi nyingine, ameshonwa ubavuni, hawezi hata kucheka. Alichoambiwa baadaye ni kwamba mdogo wake anameza dawa za figo, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Hakuambiwa dawa zile zinafanya nini, wala hakuuliza. Alidhani zinaipa figo nguvu. Kumbe kazi yake ilikuwa kuilaza kinga ya mwili, ili isiamke ikamkuta mgeni ndani ya nyumba.

Msimu wa baridi ulipofika, kiwanda kizima kilikohoa. Vumbi la unga upande mmoja, mafua upande mwingine. Mwenye kiwanda, ambaye hakupenda kusikia kikohozi karibu na mikate yake, alimwita mwanamke mmoja muuza virutubisho, nadhifu, mwenye begi la magurudumu. Huyu aliwakusanya wafanyakazi karibu na magunia ya unga akawaonyesha chupa za vidonge.

"Hivi vimetengenezwa kwa hamira," alisema. "Hamira hii hii yenu ya mikate. Wanachukua ganda la nje la chembe yake, ndani yake kuna kitu kinaitwa beta-glukani. Mwili ukikiona unadhani kuna adui amebisha hodi, basi askari wake wanaamka na kukaa macho. Si tiba, ni cha kusaidia kinga tu. Na mwenye maradhi, au anayetumia dawa za hospitali, amuulize daktari wake kwanza."

Alisema kweli yote, na aliisema kwa sauti ya kusikika. Lakini Mama Mikate alikuwa ameishia kwenye neno hamira. Aliwageukia wenzake mmoja mmoja, akiwatazama kwa macho ya mtu ambaye kesi yake imeamuliwa na mahakama kuu.

Mwenye kiwanda alimpa kila mmoja chupa. Mama Mikate alivimeza kwa utiifu, na baridi ile yote hakupata hata mafua. Huenda vilimsaidia. Mpakiaji wa mikate naye hakupata mafua, na vyake alivisahau chini ya meza hadi panya wakatoboa kifuniko. Lakini mtu aliyekwisha kuamini hahesabu panya.

Mwenye kiwanda alipotoa chupa nyingine, Mama Mikate alikwenda nayo kwa mdogo wake Jumapili. Mke wa Fundi alikuwa kanisani. Mama Mikate alikuta kikopo cha jemu kikavu, akavimimina vidonge mezani, akavigawa mafungu mawili na kumsogezea achague.

"Vya nini hivi?" Fundi aliuliza.

"Vya hamira. Vya kinga. Kibanda chako kila mtu anakuja kukupumulia usoni, na wewe mwili wako bado mwepesi."

Fundi aliokota kimoja akakigeuzageuza, kama anavyogeuza saa ambayo hajaijua kampuni yake. "Nimeambiwa nisitumie dawa yoyote bila kuwauliza. Niwaulize kwanza?"

"Utauliza hamira? Basi ukaulize na mkate unaokula kila asubuhi."

Fundi alicheka. Akachagua fungu la kushoto, akalikusanya kwenye kikopo, na kesho yake akalipeleka kibandani, ambako alikuwa akimeza kidonge kimoja na chai ya saa nne; dada yake akimpitia alikiona kikopo kando ya kikombe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyemchukia mwenzake, hakuna aliyetaka ubaya. Ningependa kusema shetani alipita pale, lakini hakupita mtu. Walikuwa ndugu wawili tu na kikopo cha jemu.

Majuma yalipita. Halafu Fundi akaanza kuvimba miguu. Mkojo ukapungua, homa ikaja, na pale ilipopandikizwa figo pakawa panauma akiguswa. Hospitali walimlaza siku ile ile. Walichukua kipande kidogo cha figo kwa sindano wakakitazama, na daktari akamwambia mke wake kwamba mwili umeanza kuikataa. Walimpa dawa kali za mshipa. Figo ilitapatapa kidogo, ikaonyesha dalili ya kurudi, kisha ikazima.

Siku hizo Mama Mikate alikuwa akitoka kazini anakuja moja kwa moja, unga ungali kwenye nyusi, anakaa kwenye benchi la kitengo cha figo mpaka aruhusiwe kuingia. Ni kwenye benchi hilo alipomsikia muuguzi akiwafundisha wagonjwa wapya chumba cha pili, mlango ukiwa wazi.

"Nisikilizeni," muuguzi alikuwa akisema. "Kinga yako ndiyo adui wa figo yako mpya. Sisi tunahangaika kuilaza, wewe usije ukaiamsha. Mtu atakuletea kitu cha kuongeza kinga, atakwambia ni cha asili, ni chakula, hakina madhara. Atakuletea kwa mapenzi. Mwambie asante, weka mezani, tuulize."

Mama Mikate alisimama. Aliingia wodini, akashika chuma cha kitanda cha mdogo wake.

"Vile vidonge," alisema. "Vile vya hamira. Ulikuwa unameza?"

Fundi alimtazama kwa muda. Alikuwa amevimba uso hata macho yamebaki kama nyufa, lakini dada yake alimjua tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na alipaswa kutambua kwamba mtu huyu anapanga maneno.

"Si vile, dada. Tulia. Nilikuwa naruka dawa."

"Wewe?"

"Zilikuwa zinanitetemesha mikono. Fundi saa na mikono ya kutetemeka wapi na wapi? Nikitaka kushika kazi ndogo, siku hiyo sizigusi. Nimeshamwambia na daktari. Kosa ni langu, usije ukalibeba wewe."

Alimwamini. Alimwamini kwa sababu mikono ile kweli ilikuwa ikitetemeka, alikwisha kuiona mwenyewe, na alimwamini zaidi kwa sababu alitaka. Alimkaripia, akamwita mjinga, akamuuliza kama saa za watu zina thamani kuliko figo ya dada yake. Fundi aliyapokea matusi yote kwa upole. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu alipolazwa mdogo wake, Mama Mikate alilala fofofo.

Fundi akarudi kwenye mashine. Kibanda kikafungwa. Mwili ukamwisha, rangi ikabadilika ikawa ya majivu, na daktari hakuficha kwamba moyo nao umeanza kuchoka. Ndipo binamu yao, mtoto wa baba yao mdogo, dereva wa malori, alipotokea kutoka safari zake na kusema yeye yuko tayari kutoa figo. Alipimwa, akafaa. Watu wakaanza kucheka tena nyumbani mle.

Mke wa Fundi alikuja kiwandani siku moja mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimvuta wifi yake nje, karibu na kuni za tanuri.

"Wifi, daktari anasema jopo lao la kupandikiza figo linasita. Wanasema mgonjwa aliyeruka dawa mara moja ataruka tena, hawawezi kumpasua mtu mzima wa afya kwa ajili ya figo itakayotupwa."

"Si wamuonye tu?"

"Sikiliza kwanza. Alikuwa anaruka saa ngapi? Kengele yake ya simu ililia asubuhi na jioni, na maji nampelekea mimi. Ninamtazama anameza. Hajawahi kuruka, wifi, hata siku ya msiba wa mama yangu alimezea makaburini. Nimemuuliza kwa nini anajisingizia, ananiambia ninyamaze. Huyu mtu ana nini?"

Mama Mikate alijibu kwamba hajui. Alirudi ndani, akachoma donge kwa kidole, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuona alichokuwa akikitazama. Alijua vizuri mtu huyu ana nini. Ana dada. Alikuwa amejitwisha kosa lisilo lake ili dada yake apate usingizi, na usingizi huo sasa ulikuwa unamuua.

Msidhani alikimbia hospitali siku ile ile. Watu hupenda kusimulia ushujaa kana kwamba huja mbio. Yeye alikaa na jambo lile siku kadhaa, akiligeuza huku na huku. Alijiambia huenda jopo litakubali bila yeye kusema. Alijiambia wifi yake hakuwepo kila dakika. Alifikia hata kumkasirikia mdogo wake kwa wema wake. Aliogopa uso wa wifi yake, aliogopa mtaa, na zaidi ya yote aliogopa kuyasikia maneno yale kwa sauti yake mwenyewe: kwamba figo aliyoitoa kwa mkono mmoja aliichukua kwa mkono wa pili. Mficha maradhi, kifo humuumbua; lakini hapa kifo kingemwendea mtu mwingine, na hilo ndilo lililomtoa kitandani.

Daktari aliwaita wote watatu, Fundi, mkewe na dada, katika chumba kidogo chenye meza na viti vya plastiki. Alikuwa mtu mpole, mwenye macho ya asiyelala vya kutosha. Alieleza tena kile ambacho wifi alikuwa amekisema. Akamuuliza Fundi kama ana la kuongeza kuhusu zile dawa alizoruka.

"Sina," Fundi alisema. "Nilikosea."

"Hakuruka," Mama Mikate alisema.

"Dada."

"Hakuruka hata moja, daktari. Mimi nilimpa vidonge vya kuongeza kinga. Vya hamira. Beta-glukani. Alitaka awaulize kwanza, mimi nikamzuia, nikamcheka. Alivimeza kazini kwa majuma, ndiyo maana mkewe hajui."

"Dada, nani amekuuliza?" Fundi alijaribu kusimama akashindwa. "Daktari, huyu anataka kunitetea tu, msimsikilize."

Mke wa Fundi alikuwa amemkazia macho wifi yake. Mama Mikate hakugeuka upande ule. Alijua akigeuka hataweza kumaliza.

Daktari alifungua faili la Fundi. Kisha akasema kwamba siku Fundi alipolazwa, damu yake ilikuwa na dawa ya kutosha, na yeye alishangaa. Lakini wako wagonjwa wanaomeza vizuri siku chache kabla ya kupimwa, na mtu mwenyewe akikiri anaruka, nani atambishia?

"Kwa hiyo ni mimi," Mama Mikate alisema.

"Mama, sitakudanganya. Kwa mtu mwenye afya vidonge hivyo pengine havidhuru, pengine vinasaidia kidogo. Kwa mtu kama huyu hatutaki kabisa aguse kitu cha namna hiyo. Lakini kama ndivyo vilivyoiua figo, siwezi kusema. Mwili huweza kukataa bila kuchokozwa. Hakuna kipimo kitakachokuambia ni wewe, wala kitakachokuambia si wewe." Alimgeukia Fundi. "Ninachoweza kusema ni kwamba mgonjwa anayemeza dawa zake ni habari tofauti. Nitalirudisha jopo lote mezani."

Jopo lilikubali. Siku ya upasuaji ikapangwa, dereva akaomba likizo, na ungedhani nyumba ile ingefurahi. Lakini mke wa Fundi alikuwa akimsalimia wifi yake kwa maneno mawili na kuondoka chumbani, na Fundi hakumsalimia kabisa. Mama Mikate aliendelea kuja kila siku ya mashine. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, damu ya mdogo wake ikizunguka ndani ya mirija mbele ya macho yake, na mdogo wake akitazama dari. Alikuja hivyo hivyo hadi wauguzi wakaacha kuwaonea haya.

Siku moja, bila kugeuka, Fundi akasema, "Ulinipa figo. Mimi sina mali, sina nguvu, hata kibanda nimefunga. Nikasema basi, angalau nimpe dada yangu usingizi. Ndicho kitu pekee nilichowahi kukupa peke yangu, nawe ukanirudishia mbele ya watu."

"Nimekirudisha," Mama Mikate alisema.

"Hata daktari hajui kama ni wewe. Ungekaa kimya, ungekufa hujui."

"Na sasa nitakufa sijui vile vile."

"Sasa utaishi vipi na jambo hili, dada?"

Mama Mikate alimfunika miguu vizuri kwa blanketi.

"Nitaishi nalo," alisema. "Wewe ishi tu."

Fundi aligeuza uso ukutani, na bega la upande usiokuwa na sindano likaanza kutikisika. Mama Mikate aliweka mkono juu ya blanketi, pale miguu ilipokuwa, akauacha hapo mpaka mashine ilipomaliza kazi yake.